Santuri haitoi sauti ya kutosha kwenye amplifaya ya kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimechomeka mashine ya santuri kwenye AUX, nimefungulia volyumu hadi karibu na mwisho, na bado sauti ni hafifu. Amplifaya imekufa?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima. Shusha volyumu, chomeka simu au CD kwenye matundu hayohayo, kisha pandisha polepole. Ikilia vizuri, amplifaya na spika hazina kosa na hakuna haja ya kumwita fundi.

Kinachokosekana ni hatua moja katikati. Katriji (kile kifaa kidogo kinachobeba sindano) ya sumaku, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye mashine nyingi, hutoa milivolti 3 hadi 6 hivi. Tundu la AUX, CD, TAPE au LINE limetengenezwa kupokea milivolti 200, 300 na kuendelea. Pengo hilo ni la karibu mara 100. Volyumu haiwezi kuliziba, kwa sababu kwenye amplifaya nyingi haikuzi chochote. Kazi yake ni kupunguza ishara iliyoingia, na ukiifungulia yote umeacha kupunguza, basi.

Hatua hiyo inaitwa priampu ya fono. Inaweza kuwa ndani ya mashine ya santuri, ndani ya amplifaya nyuma ya matundu yaliyoandikwa PHONO, au ikawa kisanduku cha peke yake kati ya hivyo viwili. Popote ilipo, lazima iwepo, na iwe moja tu.

Mbona amplifaya za zamani hazikuwa na shida hii?

Zilikuwa na priampu ya fono ndani, maana santuri ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha muziki. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, tena ikiwa na ishara kubwa isiyohitaji kukuzwa, watengenezaji walianza polepole kuiondoa sakiti hiyo ili kupunguza gharama. Leo baadhi ya amplifaya mpya zinayo, nyingine hazina. Angalia nyuma: kama hakuna matundu yaliyoandikwa PHONO, ihesabu kuwa haina. Alama nyingine ni skurubu ndogo ya kufungia waya wa ethi (waya wa ardhi, wa kuzuia mvumo), ambayo kwa kawaida hukaa kando ya matundu ya PHONO.

Kama nikiongeza tu nguvu kwa njia nyingine, mfano kwa mixer au amplifaya ya pili, si itatosha?

Sauti itapanda, lakini muziki hautakuwa sawa. Santuri haikukatwa ikiwa na sauti kamili. Wakati wa kukata mtaro, besi hupunguzwa ili mitaro isipanuke na kugongana, na sauti kali za juu huongezwa ili ziushinde mchakacho wa plastiki. Kipimo kinachotumika kwa kazi hiyo ni cha RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, cha tangu mwaka 1954. Priampu ya fono hufanya kinyume chake: inarudisha besi na kushusha sauti za juu.

Kwa tarakimu: ukilinganisha na sauti ya Hz 1,000, kwenye Hz 100 priampu inapaswa kuongeza desibeli 13, na kwenye Hz 10,000 kupunguza karibu desibeli 14. Ukiikwepa, ngoma na gitaa la besi zinakuwa kama robo ya ukubwa wake, huku matoazi na herufi “s” za mwimbaji zikiwa takriban mara tano. Ndiyo maana santuri iliyochomekwa AUX haiwi ndogo tu, inakuwa pia nyembamba na yenye kukwaruza masikio. Kitufe cha besi cha amplifaya hakifuati mkunjo huo, kwa hiyo usihangaike nacho.

Kwa sababu hiyohiyo tundu la maikrofoni halifai. Lina nguvu ya kukuza, ndiyo, ila halina marekebisho ya RIAA, mzigo wake kwa katriji (upinzani wa umeme ambao katriji inakutana nao) si sahihi, na mara nyingi ni la chaneli moja.

Nitajuaje kama mashine yangu ina priampu ndani?

Tafuta swichi ndogo nyuma, chini ya ukingo, au hata chini ya sahani ya kuzungushia santuri. Huandikwa PHONO/LINE, au PRE AMP na ON/OFF. Mashine yenye USB au Bluetooth nayo lazima iwe na priampu mahali fulani ndani, ingawa si lazima iwe imeunganishwa na plagi za RCA, zile nyekundu na nyeupe.

Isipoonekana swichi, pima kwa masikio. Chomeka kwenye AUX na ulinganishe na simu kwenye volyumu ileile. Ikiwa tofauti ni ndogo na besi ipo, priampu iko ndani na inafanya kazi. Ikiwa unasikia kwa mbali tu, tena kwa sauti nyembamba, haipo au imezimwa.

Halafu kumbuka mpangilio huu, kwani nusu ya malalamiko huishia hapa:

- Swichi ikiwa LINE, nenda AUX, CD au LINE ya amplifaya.
- Swichi ikiwa PHONO, nenda PHONO ya amplifaya au kwenye priampu ya nje.

Ukiweka swichi PHONO halafu ukaenda AUX, utapata unyonge ulioelezwa hapo juu. Ukiweka LINE halafu ukaenda PHONO, unakuwa na priampu mbili mfululizo: sauti inapiga kelele hata volyumu ikiwa chini, inapasuka, na besi inajaa matope. Kwa muda mfupi hali hiyo haiunguzi amplifaya, lakini spika zinaweza kuumia ukipandisha. Shusha volyumu hadi sifuri kabla ya kugusa swichi hiyo.

Tayari nina priampu, lakini santuri bado iko chini kuliko CD au muziki wa mtandaoni. Kuna kosa?

Mara nyingi hakuna kosa, kuna tofauti ya viwango tu. Fanya hesabu kabla ya kununua kitu kipya.

Nguvu ya kukuza, yaani geini, huandikwa kwa desibeli. Desibeli 20 ni mara 10, desibeli 40 ni mara 100, desibeli 60 ni mara 1,000. Kila ukiongeza desibeli 6 umezidisha mara mbili. Kwa hiyo katriji ya milivolti 4 kwenye priampu ya desibeli 40 inatoa milivolti 400. Priampu hafifu zaidi, ya desibeli 34, ni mara 50 tu: milivolti 200.

CD au kigeuzi cha kidijitali hutoa hadi volti 2. Ukiona tarakimu hizo usikate tamaa, kwani hazipimwi kwa namna moja. Volti 2 ni kilele cha juu kabisa ambacho CD haiwezi kukipita, ilhali milivolti 4 za katriji ni kipimo cha kawaida cha mtaro, na vilele vya santuri huzidi hapo mara kadhaa. Kwa muziki wenyewe, mfumo uliopangwa vizuri huacha santuri chini ya CD kwa desibeli chache tu. Ukilazimika kuizungusha volyumu kutoka saa nne hadi saa saba, ukiisoma kama mkono wa saa, hiyo ni kawaida. Ikibidi ifike mwisho na bado hairidhishi, geini haitoshi.

Kuna jambo jingine. Muziki mwingi wa kisasa wa kidijitali umebanwa ili usikike mkubwa muda wote. Albamu ileile kwenye santuri inaweza kuwa na wastani wa chini zaidi, na hilo hakuna kifaa kitakachoondoa wala hakuna sababu ya kuliondoa.

Basi nahitaji geini kiasi gani?

Lenga milivolti 300 hadi 500 kutoka kwenye priampu. Soma karatasi ya katriji yako, tafuta kiwango cha kutoa, kisha zidisha:

- Katriji ya milivolti 5: desibeli 36 hadi 40. Ortofon 2M Red hutoa milivolti 5.5, kwa hiyo desibeli 40 inatosha na kuzidi.
- Milivolti 4, kama Audio-Technica AT-VM95E: desibeli 40.
- Milivolti 2 hadi 2.5: desibeli 44 hadi 46.
- Milivolti 0.5: desibeli 58 hadi 60.
- Milivolti 0.3, kama Denon DL-103: desibeli 60 hadi 64.

Chunguza pia kasi ya mtikisiko wa sindano iliyotumika kupima. Wengi huandika sentimita 5 kwa sekunde, lakini baadhi hutumia 3.54, na hapo tarakimu huonekana ndogo kuliko ilivyo. Izidishe kwa 1.4 ndipo uilinganishe na nyingine.

Usinunue geini kubwa kupita kiasi ukidhani zaidi ni bora. Katriji ya milivolti 5 kwenye desibeli 60 inadai volti 5 kwa ishara ya kawaida tu. Vilele vikija, priampu inaishiwa nafasi na kukata mawimbi. Utasikia mpasuko kwenye sauti za waimbaji na tarumbeta, na utadhani sindano imechakaa.

Nitajuaje kama katriji yangu ni MM au MC, na kwa nini inahusika?

MM ina sumaku inayotikiswa na sindano mbele ya koili zilizotulia. MC ina koili ndogo zinazotikiswa zenyewe. Koili hizo lazima ziwe nyepesi, kwa hiyo zina mizunguko michache ya waya na umeme wake ni mdogo, kwa kawaida milivolti 0.2 hadi 0.6. Ukiichomeka kwenye priampu ya MM sauti inatoka, tena yenye besi sahihi, ila iko chini kwa desibeli 20 hivi, na ukipandisha volyumu unapandisha pia ule mlio wa shhh. Hii ndiyo dalili yake: sauti ni sahihi lakini ni ndogo na ina mchakacho. MM bila priampu ni ndogo na nyembamba. Ukiweza kutofautisha hali hizo mbili, umeshamaliza nusu ya kazi.

Kuitambua kwa macho: kwenye MM nyingi sindano na kishikio chake cha plastiki huchomoka kwa kuvutwa mbele, kwenye MC nyingi haitoki. Ukiwa na namba ya modeli, itegemee hiyo kuliko macho. Kuna pia MC za nguvu ya juu, zenye milivolti 2 hivi, ambazo hutumia tundu la MM.

Mzigo nao hutofautiana. MM hutaka kiloomu 47 na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 100 hadi 200 hivi, kebo ikiwemo. MC nyingi huridhika na omu 100, au takriban mara kumi ya upinzani wa koili zake. Mzigo wa MM hubadilisha zaidi sauti za juu kuliko ukubwa. Kwa MC, mzigo mdogo mno hushusha na ukubwa pia.

Kwa MC, nichukue transfoma au priampu yenye swichi ya MC?

Priampu yenye swichi ni njia fupi na huweza kubadilishwa ukibadili katriji. Transfoma ya kupandisha huwekwa kabla ya priampu ya MM: ya 1:10 huongeza desibeli 20, ya 1:20 huongeza 26. Haihitaji umeme na haina shhh yake, lakini huvuta mvumo ikiwekwa karibu na transfoma ya amplifaya. Izingatie hesabu ya mzigo: kiloomu 47 za priampu, zikipita kwenye transfoma ya 1:10, katriji inaziona kama omu 470, kwa 1:20 kama omu 118. Kwa DL-103, yenye omu 40, ya 1:10 inakaa vizuri. Usiunganishe transfoma pamoja na swichi ya MC. Hapo unakuza mara mbili.

Nikiongeza uzito wa sindano sauti itapanda?

Hapana. Ukubwa wa sauti unatokana na jinsi mtaro unavyoitikisa sindano, na sindano ikikaa imara mtaroni uzito hauongezi kitu cha maana. Sarafu juu ya mkono wa mashine inachonga santuri na kuimaliza sindano. Weka uzito uliotajwa na mtengenezaji, kwa katriji nyingi za MM ni gramu 1.5 hadi 2.5, na uupime kwa mizani ndogo ya sindano.

Upande mmoja uko chini au umekufa kabisa.

Usiguse katriji kwanza. Zima amplifaya, badilishanisha plagi nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye mashine pale zinapoingia kwenye priampu, washa tena. Kosa likihamia spika ya pili, liko upande wa mashine. Likibaki palepale, liko kwenye priampu, kebo ya mbele, amplifaya au spika.

Likiwa upande wa mashine, fuata mpangilio huu. Vua kichwa cha katriji kama kinatoka, safisha vituo vyake vya mawasiliano kwa alkoholi ya isopropili na pamba, kirudishe na ukikaze. Kisha angalia vile vijiwaya vinne nyuma ya katriji: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Kinacholegea kivute kwa kibanio, na ukikamate kwenye klipu yake ya chuma, kamwe si kwenye waya, maana unakatika kwa urahisi. Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye pini za katriji. Joto linapita hadi kwenye koili.

Mashine zinazojiinua zenyewe zina kitu kingine ambacho wengi hawakijui: swichi ya kunyamazisha. Hufunga ishara mkono unaposhuka na kuinuka ili usisikie mshindo. Viungo vyake vikishika kutu, hubaki vimefunga nusu, na chaneli moja au zote zinakuwa hafifu, wakati mwingine zikirudi ukiugusa mkono. Dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kwa tone moja tu, na mashine ikiwa imechomolewa ukutani, ndiyo inayotibu.

Sauti ni kubwa ya kutosha, lakini besi haipo.

Ikiwa priampu ipo na imechomekwa sawa, shuku chaneli moja iliyogeuzwa chanya na hasi, kwenye vijiwaya vya katriji au kwenye waya za spika. Mawimbi ya besi ya pande mbili yanauana. Bonyeza MONO kama amplifaya yako ina kitufe hicho: mwimbaji aliye katikati akififia badala ya kuimarika, kosa liko kwenye katriji, au kwenye waya zake. Asipofifia, kagua spika.

Mashine ni ya zamani sana, ina katriji ya kristali au seramiki. Nayo inahitaji priampu ya fono?

La. Aina hizo hutoa mamia ya milivolti na hufuata mtikisiko kwa namna ambayo marekebisho ya RIAA hayahitajiki kwa kiasi kikubwa. Ukizipitisha kwenye PHONO sauti itapasuka. Zinachotaka ni mzigo mkubwa, megaomu 1 hivi. AUX ya kiloomu 20 au 50 hunyonya besi yao. Kiunganishi kidogo chenye mlango wa upinzani mkubwa ndicho suluhisho.

Natumia resiva ya sinema ya nyumbani, au spika zenye amplifaya ndani.

Kanuni ni ileile. Kwenye resiva, tafuta kwenye menyu marekebisho ya kiwango cha kila chanzo. Ongeza kile cha santuri, au bora zaidi, punguza vyanzo vingine ili vyote vikutane. Hakikisha pia umechagua ingizo la analogi: baadhi ya menyu hukuruhusu kulifunga jina la chanzo kwenye tundu la kidijitali, na hapo hutasikia chochote. Spika za aina hiyo zikiwa na swichi ya PHONO, zina priampu. Spika ndefu ya televisheni yenye mlango wa nuru (OPTICAL) au HDMI pekee haitapokea RCA bila kigeuzi cha analogi kwenda kidijitali, na kigeuzi hicho huja baada ya priampu, si badala yake.

Kuna mvumo unaokua kadiri ninavyopandisha.

Funga waya wa ethi wa mashine kwenye skurubu ya priampu. Kama mashine haina waya huo, huenda umeunganishwa ndani. Weka priampu sentimita 30 au zaidi mbali na amplifaya na adapta za umeme. Kebo kutoka mashine hadi priampu iwe fupi, mita 1 hivi. Ile ya kutoka priampu hadi amplifaya inaweza kuwa ndefu zaidi. Na usibadilishe adapta kiholela: baadhi ya priampu hutumia mkondo geu na nyingine mkondo mnyoofu, hata kama plagi zinafanana na volti ni zilezile.

Santuri moja iko juu, nyingine chini, kwenye mfumo uleule.

Mtaro wenye sauti kubwa unakula nafasi. Upande wa dakika 18 unaweza kukatwa kwa nguvu. Ukipita dakika 25, fundi wa kukata lazima ashushe kiwango. Santuri za inchi 12 za mizunguko 45, zenye wimbo mmoja au miwili, ndizo huwa kubwa kuliko zote. Usipime mfumo wako kwa mkusanyiko wa nyimbo kumi upande mmoja.

Volyumu ikipita nusu, naumiza kitu?

Mahali inapoelekea hapasemi ni wati ngapi zinatoka. Ishara ndogo na volyumu ya juu ni sawa na ishara kubwa na volyumu ya chini, mradi husikii mpasuko. Hatari ni wakati wa kubadili chanzo: volyumu iko juu kwa ajili ya santuri, unabonyeza CD, na spika zinapigwa na ishara kubwa kwa ghafla. Shusha kwanza. Shusha volyumu pia kabla ya kuinua sindano au kuzima, na ukiona koni za besi zinakwenda mbele na nyuma polepole bila sauti, washa kichujio cha sauti za chini sana, kile kinachokata chini ya Hz 20. Santuri iliyopinda hula nguvu nyingi za amplifaya hapo ambapo sikio halisikii kitu.